Zana za Kuazima: Teknolojia na Mwalimu wa Mwambao wa Kigoma

Bangwe ni kata ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, kwenye rasi inayoikinga bandari ya Kigoma kwa upande wa kusini. Kwenda Ujiji ni safari fupi ya daladala. Kwenda Dar es Salaam ni reli ya zaidi ya kilomita 1,200. Umbali huo umeamua mengi katika elimu ya mkoa huu, na mojawapo ni kwamba karibu kila chombo cha mawasiliano kilichoingia katika madarasa ya mwambao wa Ziwa Tanganyika kililetwa kwanza kwa kazi nyingine. Redio ilikuja kwa habari na kampeni za taifa, simu kwa biashara, mkongo kwa makampuni na ofisi, kishikwambi kwa takwimu na sensa. Mwalimu alifuata nyuma, akakiazima. Tukizifuata zana hizi mwaka kwa mwaka, tunaona kwamba zilizofundisha kweli hazikuwa mpya kuliko nyingine wala ghali kuliko nyingine. Zilikuwa zile ambazo aliyezipanga alimfikiria mwalimu tangu mwanzo: atajifunza lini kuzitumia, zinasema lugha gani, nguvu ya kuziendesha itatoka wapi, na zikiharibika nani atazitengeneza.

Misafara, waya na reli

Ujiji ulikuwa mji wa kusoma kabla haujapata shule ya serikali. Wafanyabiashara wa pwani waliofika na misafara katika karne ya 19 walileta Kiswahili na Uislamu, na pamoja navyo chuo cha Kurani na ubao wa kuandikia. Mwaka 1878 walifika wamisionari wa London Missionary Society, Edward Hore akiwa mmoja wao. Mwaka uliofuata wakaja Mapadri Weupe. Waya wa telegrafu ambao Cecil Rhodes alitaka uunganishe kusini mwa Afrika na Cairo ulifika Ujiji mwanzoni mwa karne ya 20, ukaishia hapo. Mwaka 1914 reli ya Wajerumani iligusa maji Kigoma, na mwaka mmoja baadaye ikashushwa ziwani meli iliyotengenezwa Papenburg na kusafirishwa vipande vipande. Wenyewe waliizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na kuanzia 1927 ikafanya kazi kwa jina tunalolijua, Liemba.

Hakuna kati ya hivyo kilichojengwa kwa ajili ya shule. Waya ulikuwa wa dola, reli ya mazao na askari, meli ya vita. Hata hivyo ni reli iliyokuja kubeba vitabu na chaki, na ni meli iliyowafikisha walimu katika vijiji vya kusini ambako barabara haikuwepo. Desturi ya kuazima ilianzia hapo, na kwa mtu aliyepangiwa kufundisha mbali na mji haikuwa na mbadala.

Redio, 1951 hadi 1981

Chombo cha kwanza cha umeme kumfikia mwalimu kwa wingi kilikuwa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, likafuata Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 serikali ikalichukua na kulifanya Redio Tanzania Dar es Salaam. Redio ndogo za betri zilikuwa zimeanza kuenea, na hilo ndilo lililoifaa Kigoma, mkoa ambao umeme wake ulikuwa haba hata mjini. Vipindi vya shule vilikuwepo, lakini mtihani mkubwa wa redio kama mwalimu ulifanyika nje ya darasa la watoto. Baada ya Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni moja baada ya nyingine: Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, Wakati wa Furaha mwaka 1971, kisha Mtu ni Afya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili kwa muda wa wiki 12.

Inafaa kuangalia kwa makini namna Mtu ni Afya ilivyofanya kazi, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho miradi ya baadaye ilikuja kukisahau. Kikundi hakikuachwa peke yake na redio. Kilikuwa na kitabu cha Kiswahili chepesi, na kiongozi aliyefunzwa kabla ya kampeni kuanza. Kipindi kilirushwa kwa saa inayojulikana. Kikiisha, watu walisoma sehemu ya kitabu, wakajadili, wakakubaliana kazi ya wiki, kuchimba choo au kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Redio ilileta sauti moja nchi nzima, kitabu kilibaki mikononi sauti ilipopotea, na kiongozi aliyafasiri yote mawili kwa mazingira ya kijiji chake. Betri ikiisha katikati ya kipindi, kitabu na kiongozi walikuwa bado wapo.

Mpango huo uligeuzwa kuwa wa walimu mara tu haja ilipotokea. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977, na vyuo vya ualimu havikuwa na uwezo wa kutoa idadi iliyohitajika. Kuanzia 1976 serikali iliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawaweka shuleni wafundishe huku wakisoma kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na mikutano ya ana kwa ana na wakufunzi waliowatembelea. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana kwa njia hiyo.

Wapo wanaoukumbuka mpango huo kwa masikitiko, na hoja yao ina uzito. Kijana wa darasa la saba aliyefundishwa kwa posta hakuwa mwalimu kamili, na jina la walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, lilibaki na doa kwa miaka mingi. Lakini tuulize kasoro ilikuwa wapi. Haikuwa kwenye redio wala kwenye mfumo wa kujifunza ukiwa kazini, bali kwenye elimu ndogo ya walioingia na haraka ya tarehe iliyowekwa. Sehemu ya teknolojia ilipangwa vizuri kuliko nyingi zilizoifuata: chombo rahisi, maandishi ya Kiswahili, na mtu mzima anayekuja kukuona ukifundisha. Mikoa ya pembezoni kama Kigoma isingepata walimu hao kwa njia nyingine yoyote katika muda ule.

Mlango uliofungwa, 1974 hadi 2002

Mwaka huohuo wa Azimio la Musoma, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilikuwa imeingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, na jaribio la kuikabidhi mahesabu ya serikali liliishia kwenye hasara na vurugu ya hesabu. Televisheni nayo ilizuiwa Tanzania Bara kwa miaka 20, ingawa Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu miaka ya 1970. Bara ilianza kupata televisheni mwaka 1994, kwa vituo vya watu binafsi.

Kuilaumu serikali ya wakati ule kwa marufuku hiyo ni rahisi mno. Baada ya vita vya Kagera nchi ilikosa hata sabuni na betri za redio. Kompyuta darasani Ujiji ingekuwa mapambo. Hasara ya kweli ilikuwa nyingine. Mlango ulipofunguliwa katika miaka ya 1990, nchi haikuwa na kizazi cha wakufunzi waliokwisha kufikiri kompyuta inafundishia nini. Somo la kompyuta lilipoingia katika sekondari, liliingia kama somo la kujua sehemu za mashine, na shule zilizolimudu zilikuwa chache, nyingi zikiwa za miji mikubwa na za binafsi. Kutumia kompyuta kufundisha hisabati au jiografia hakukuwa na mwenyewe. Na redio iliyowafunza walimu wa miaka ya 1970 ilikuwa imekwisha kusahauliwa, kama kwamba haikuwahi kuwa teknolojia.

Vyuo kwanza, 2003 hadi 2010

Sera ya Taifa ya TEHAMA ilitoka mwaka 2003, na ya elimu ya msingi mwaka 2007. Katikati ya hizo mbili likafanyika jambo ambalo kwa mkoa wa Kigoma lina maana kuliko sera zote mbili. Kwa msaada wa Sweden, vyuo vya ualimu vya serikali vilipewa kompyuta na mafunzo ya wakufunzi kuanzia mwaka 2005. Kigoma ina vyuo viwili vya aina hiyo, Kasulu na Kabanga, vyote nje ya mji. Mawazo ya mpango huo yalikuwa sahihi: mwalimu akikutana na kompyuta akiwa mwanachuo, ataidai akifika shuleni.

Kilichouvuruga ni wakati. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa, uandikishaji ukapanda, na kuanzia 2004 mpango wa sekondari ukazaa shule za kata nchi nzima. Walimu hawakutosha, wahitimu wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa kufundisha. Watu wakawaita walimu wa voda fasta. Kwa mara ya pili katika miaka 30 upanuzi wa shule uliyapita mafunzo ya walimu mbio, na safari hii bila redio wala masomo ya posta ya kuwashikilia wakiwa kazini. Mwanachuo aliyejifunza kompyuta Kasulu alipangiwa shule isiyo na umeme. Kigoma yenyewe ilibaki nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta za dizeli, hadi mkoa ulipoanza kuunganishwa mwaka 2022. Ujuzi usiotumika husahaulika, na huo ulisahaulika.

Miaka hiyohiyo, katika mikoa mingine, lilifanyika jaribio lililomweka mwalimu katikati. Kuanzia 2007 mradi wa Elimu kwa Teknolojia, uliohusisha Nokia, Vodacom na mashirika ya Marekani, uliwawezesha walimu wa shule za msingi 150 kupakua video fupi za hisabati, sayansi na stadi za maisha kwenye simu na kuzionyesha katika televisheni ya darasani. Video ziliambatana na mwongozo wa somo. Darasa zima liliangalia kioo kimoja, mwalimu akisimamisha, akiuliza, akirudia. Mradi ulikuwa na mwisho wake kama miradi yote ya wafadhili, ila fundisho lake limebaki: darasa la watoto wengi linahitaji kioo kimoja kikubwa mikononi mwa mwalimu kabla ya vioo vingi vidogo mikononi mwa watoto. Kinyume chake, nchi ya Peru iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi katika miaka hiyohiyo. Tathmini iliyotolewa mwaka 2012 haikukuta maendeleo katika alama za hisabati na lugha.

Simu mfukoni, kishikwambi ofisini, 2009 hadi 2019

Mikongo ya baharini ilifika Dar es Salaam kuanzia 2009, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa ukaanza mwaka huohuo, ukapita mikoani na kufika Kigoma hadi mpaka wa Burundi, kule Manyovu. Mkongo haukuingia shuleni. Ulishusha bei ya bando, na hilo likatosha kumfanya mwalimu ajiunganishe kwa fedha yake mwenyewe. Kuanzia hapo makundi ya WhatsApp na Telegram yakawa maktaba ya walimu nchini kote: azimio la kazi, andalio la somo, mitihani ya majaribio, yote yakipita kutoka simu hadi simu na kuishia kwenye duka la steshenari kwa kuchapwa. Taasisi mpya zikaongeza maudhui ya Kiswahili na ya mtaala wetu. Shule Direct ya Faraja Nyalandu ilianza mwaka 2013, na Ubongo Kids ikaanza kuonekana kwenye televisheni ya taifa mwaka 2014. Kwa mwalimu wa msingi, Kiswahili kilikuwa nguvu kubwa. Watoto wa Bangwe na Ujiji wamekulia katika mji wa Kiswahili, na hata wa vijiji vya Waha wanasomeshwa kwa lugha hiyo. Mwalimu wa sekondari, anayepaswa kufundisha kwa Kiingereza, aliona bahari ya masomo ya nje ambayo wanafunzi wake hawakuweza kuyasikiliza bila yeye kusimama katikati.

Serikali na wafadhili walileta vifaa vyao pia. Mpango wa EQUIP-T, uliofadhiliwa na Uingereza tangu 2014, uliihusisha Kigoma tangu mwanzo, na walimu wakuu wakapewa vishikwambi kwa ajili ya mfumo wa taarifa za shule. Mahudhurio, idadi ya vitabu, idadi ya walimu, vyote vikaanza kupanda juu kwa mtandao. Sina ugomvi na takwimu. Mkoa uliosahauliwa kwa miaka mingi unahitaji kuhesabiwa. Lakini tazama mwelekeo wa taarifa. Zilitoka darasani kwenda wizarani, na kilichorudi darasani kupitia chombo kilekile kilikuwa kidogo mno. Baadaye ikaja mifumo mingine, PReM ya Baraza la Mitihani na PEPMIS ya kupima utendaji wa watumishi, na kila mmoja ulidai saa za mwalimu mbele ya kioo ambazo hazikuwa saa za kufundisha.

Mahali pawili, wakati huohuo, wazo tofauti lilijaribiwa. Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, inayohifadhi wakimbizi wa Kongo tangu 1996, Vodafone Foundation na UNHCR waliweka madarasa yenye vishikwambi, sola, betri, projekta na kocha wa kumsaidia mwalimu. Na mkoani Tanga, katika vijiji 170, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa watoto karibu 3,000 vishikwambi vya kujifunzia Kiswahili bila mwalimu. Zaidi ya 9 kati ya 10 hawakuweza kusoma hata neno moja walipoanza. Baada ya miezi 15 idadi ya wasiojua kusoma ilipungua kwa nusu, na mwaka 2019 onebillion na Kitkit School wakagawana tuzo.

Matokeo ya Tanga ndiyo pingamizi zito kuliko yote dhidi ya hoja ya makala haya, maana yanaonekana kusema kwamba mwalimu si lazima. Ila watoto wengi wa jaribio lile hawakuwa wamewahi kukanyaga shule, hivyo kishikwambi kililinganishwa na kutokuwa na chochote. Kila kijiji kilijengewa kituo cha sola cha kuchajia na kilikuwa na mtu mzima wa kuviangalia vifaa, na programu ziliandikwa kwa Kiswahili kuanzia herufi ya kwanza. Yaani vile vitu vitatu ambavyo shule za kawaida hukosa, umeme, mlezi na lugha, vilitolewa vyote kwa pamoja. Na nusu iliyobaki bila kusoma neno ingehitaji mtu wa kuona ni wapi mtoto amekwama. Nyarugusu, kwa kumwekea mwalimu kocha, ilikwenda karibu zaidi na haja ya Kigoma nzima. Linaloumiza ni kwamba shule nyingi za kawaida za mkoa uleule hazikuwa na vifaa vya kiwango kile.

Corona na sensa, 2020 hadi 2022

Tarehe 17 Machi 2020 shule zilitangazwa kufungwa, na zote zikawa zimefunguliwa tena kufikia tarehe 29 Juni. Katika miezi hiyo mitatu vipindi vya masomo vilirudi redioni na kwenye televisheni ya taifa, na Taasisi ya Elimu Tanzania ikaelekeza watu kwenye maktaba mtandao yake, ambamo vitabu vya kiada husomwa bure. Redio iliyodharauliwa ikawa tena chombo pekee kinachofika kila kijiji cha mwambao. Ikarudi bila kitabu cha kuambatana nayo na bila kiongozi wa kikundi, na shule zilipofunguliwa ikaachwa tena.

Mwaka 2022 ulileta mzigo mkubwa kuliko yote. Sensa ya watu na makazi ya tarehe 23 Agosti ilifanywa kwa vishikwambi, na walimu wengi walikuwa makarani wake. Kazi ilipoisha serikali iliamua vifaa hivyo, pamoja na vingine vilivyoongezwa, viende kwa walimu. Ugawaji wa takriban laki tatu ulizinduliwa na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, mwishoni mwa mwaka. Ulikuwa uamuzi mwema. Hakuna mpango wa elimu ambao ungewahi kupitishiwa fedha za kununua idadi hiyo kwa mara moja. Na bado ni mfano kamili wa kuazima: ukubwa wa kioo, betri, hifadhi, vyote vilichaguliwa kwa ajili ya kuhesabu watu nyumba kwa nyumba, kisha swali la kufundishia likaulizwa vifaa vikiwa tayari mkononi.

Baada ya kishikwambi

Jibu lililotafutwa kwa swali hilo ni MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Walimu wa shule moja hukutana kwa ratiba katika jumuiya ya kujifunza, wakasoma moduli za Taasisi ya Elimu kwenye mfumo wake wa mtandaoni au kwa nakala zilizopakuliwa, wakajadili somo gumu na kutembeleana madarasani. Kigoma imo pia katika mikoa tisa ya Shule Bora, mpango mwingine wa fedha za Uingereza ulioanza 2022. Anayeijua Mtu ni Afya ataitambua MEWAKA mara moja: maudhui ya pamoja, maandishi, kikundi, kiongozi. Ndiyo sababu naiona kuwa hatua yenye busara kuliko zote tangu 1976, na ndiyo sababu inastahili kulindwa isigeuzwe fomu nyingine ya kujaza.

Watu wa haki watauliza kama inafaa kuzungumzia haya wakati watoto wamebanana madarasani na matundu ya choo hayatoshi. Swali lao ni la kweli. Lakini dawati na choo havimpunguzii mwalimu ugumu wa kufundisha watoto 100 wa viwango tofauti peke yake, na msongamano huo hautaisha karibuni. Sera ya elimu iliyohuishwa mwaka 2023 inarefusha elimu ya lazima kuwa miaka 10, na mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Projekta moja, spika moja na masomo yaliyohifadhiwa kwenye fleshi hugharimu kidogo ukilinganisha na chumba cha darasa, na katika shule ya Bangwe yenye umeme vinaweza kutumika kila siku. Katika vijiji vya kusini vya Uvinza, kama Kalya, ambako mafundi na vipuri viko mbali, gharama iko kwenye sola, usafiri na matengenezo kuliko kwenye kifaa. Bajeti inayogawa sawasawa kwa kila shule huipendelea Bangwe bila kukusudia.

Mkakati wa Taifa wa Elimu ya Kidijitali umepangwa kwa miaka ya 2024/25 hadi 2029/30. Vishikwambi vya sensa vilikuwa vimekwisha kutumika kabla haujaanza, na betri zake haziwezi kutarajiwa kufika mwisho wa kipindi hicho. Kwa hiyo kabla ya 2030, bila sensa ya kuazima kwake kwa kuwa ijayo ni ya 2032, kila shule ya mwambao huu italazimika kujua kifaa kinachofuata kinanunuliwa na nani, kwa fungu lipi, na kama safari hii mwalimu ataulizwa anataka kifanye nini.